Tusiwakataze Watoto Wetu kwa Khofu

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba jua la jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, huzama mnamo saa kumi na mbili za jioni, na baridi huanza kuuma masikio kabla ya Magharibi kuingia. Mwaka uliopita nilikuwa mgeni wa dada yangu katika mtaa mmoja wa jimbo hilo, na jioni ya tarehe 31, usiku wa Halloween, ilitukuta sote nyumbani. Tulipomaliza kusali, dada yangu alizima taa ya barazani, kisha ya sebuleni, kisha ya jikoni. Akashusha mapazia, akawakusanya watoto wake watatu katika chumba cha ndani, akawaamuru wasitoe sauti. Nje tulisikia vicheko vya watoto na vishindo vya viatu juu ya majani makavu. Mlango ulibishwa mara mbili, na kila ulipobishwa, yule mdogo mwenye umri wa miaka saba alijibana ubavuni mwangu. Ulipobishwa mara ya tatu alininong'oneza: "Mjomba, kwani sisi tunawaogopa?"

Sikuwa na jawabu la kumpa gizani mle. Baadaye nilifahamu kwamba mama yake alikuwa amemwambia kuwa usiku huo mashetani hutembea mitaani, na kwamba mtoto wa Kiislamu afunguaye mlango hudhurika. Mtoto aliamini. Usiku ule alikataa kulala taa ikiwa imezimwa, na siku kadhaa zilizofuata alikataa kwenda peke yake hata chooni.

Asubuhi yake mlango ulibishwa tena. Alikuwa bibi mmoja mzee, jirani wa nyumba ya pili, Mmarekani, amejifunga shali na kushika mifuko mitatu midogo ya karatasi. Alikuja kuuliza kama tuna shida yoyote. Aliiona nyumba yote giza katika baridi ile, akadhani umeme umekatika au kuna mgonjwa, naye hakupata usingizi mwema. Mifuko ile aliwawekea watoto wa dada yangu tangu jana, na hawakutokea. Dada yangu alipokea salamu zake kwa haya kubwa, asijue la kusema.

Ndugu wapenzi, nimeifikiri sana jioni ile na asubuhi yake. Simlaumu dada yangu kwa kutoiadhimisha Halloween. Katika hilo yuko sawa, na nitaeleza kwa nini. Lakini naona ya kuwa katika nyumba nyingi za jamaa zetu waishio Marekani, Canada na Uingereza, na sasa hata katika nyumba zetu za Nairobi na Dar es Salaam ambako kumbi za starehe na baadhi ya shule zimeanza kuiga sherehe hiyo, tunafanya jambo la haki kwa njia isiyo ya haki. Tunawakataza watoto kwa kuwatisha, na tunajitenga na sherehe kwa kujitenga na jirani. Matokeo yake ni kwamba khofu ya mizimu tuliyoifungia mlango wa mbele, tunaiingiza sisi wenyewe kwa mlango wa nyuma.

CHANZO CHA SIKU HII

Yafaa kwanza tukijue kile tunachokikataa, maana akatazaye asichokijua hukamatwa na swali la kwanza la mtoto.

Neno Halloween ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa watakatifu wote. Katika karne ya 8 Papa Gregory wa Tatu aliweka wakfu huko Roma mahali pa ibada kwa ajili ya watakatifu, na mnamo mwaka 835, katika zama za Papa Gregory wa Nne, sikukuu yao ya tarehe 1 Novemba ilienezwa katika dola ya Wafaranki. Baadaye tarehe 2 Novemba nayo ikafanywa siku ya kuwaombea marehemu wote. Kabla ya Ukristo kufika, watu wa Ireland na Scotland walikuwa na msimu wao wakati huo huo, ulioitwa Samhain, ambao ulikuwa mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi, na inasimuliwa kwamba waliamini roho hutangatanga katika usiku huo. Habari hizo ziliandikwa na watawa wa Kikristo karne nyingi baada ya mambo yenyewe, ndiyo maana wanahistoria hawakubaliani ni kiasi gani cha Halloween kilitoka huko na kiasi gani kilitoka kanisani.

Desturi za majumbani nazo zina asili yake. Huko Uingereza maskini walipita nyumba kwa nyumba, wakapewa mikate midogo mitamu, na badala yake wakawaombea marehemu wa nyumba ile. Huko Scotland watoto walijigeuza kwa mavazi, wakaimba au kughani kidogo kabla ya kupewa kitu. Huko Ireland walichonga mzizi uitwao tanipu, jamaa ya figili, wakautia mwanga ndani. Hekaya yao ilisema kuwa ni taa ya mtu bahili jina lake Jack, aliyemlaghai shetani hata akakosa pa kwenda baada ya kufa, peponi na motoni. Njaa kuu ya viazi ya miaka ya 1845 hadi 1852 ilipowasukuma watu wengi wa Ireland kuhamia Marekani, walikuta huko maboga makubwa na laini kuchonga, na boga likachukua nafasi ya tanipu.

Kwa miaka mingi usiku huo Marekani ulikuwa usiku wa uhuni wa vijana. Mageti yaling'olewa, madirisha yalivunjwa, mali za watu ziliharibiwa. Mji wa Anoka, uliomo katika jimbo lile lile la Minnesota, ulianzisha gwaride mwaka 1920 ili kuwashughulisha vijana wasifanye uharibifu, na hata leo mji huo hujiita makao makuu ya Halloween ya dunia. Katika miaka ya 1920 magazeti ya Canada yalikuwa yakitaja maneno ambayo watoto huyasema mlangoni, yaani mtupe kitu kitamu ama tutawafanyia utundu. Vita Kuu ya Pili ilileta mgao wa sukari, na ulipokwisha nchini Marekani mwaka 1947, desturi ya kupita nyumba kwa nyumba ilienea kila jimbo. Wafanyabiashara hawakulala. Kwa mwaka 2023 shirikisho la wauzaji wa rejareja la Marekani lilikadiria kwamba Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2 kwa ajili ya peremende, mavazi na mapambo ya siku hiyo.

Basi msomaji aone safari ilivyokuwa. Ilianza kwa dua, ikafika kwenye mkate, ikaja kwenye mchezo, ikaishia dukani. Mtoto wa leo anayebisha mlango hajui hata kidogo kwamba wakati fulani aliyebisha mlango huo alikuwa maskini aliyekuja kumwombea maiti wa nyumba.

KWA NINI SISI HATUMO

Baadhi ya wazazi husema, "Mradi watoto wanacheza tu, kuna dhara gani?" Swali hili halistahili kupuuzwa, kwa sababu ni kweli kwamba wengi wa majirani zetu wanacheza tu. Kusema kwamba kila aliyeweka boga barazani anamwabudu shetani ni kumsingizia mtu, na dini yetu haituruhusu kumshuhudilia jirani uwongo hata kama hatupendi anachokifanya.

Lakini mchezo nao hufundisha. Siku hiyo hufundisha kwamba wafu hurudi, kwamba kaburi ni kichekesho, na kwamba mchawi ni bibi wa ajabu apaaye juu ya ufagio. Imani yetu yafundisha kinyume cha hayo. Aliyekufa amekwenda katika barzakhi, hatangitangi mitaani wala hasubiri taa ya kumwongoza. Mtume wetu s.a.w. alituruhusu kuzuru makaburi ili tuikumbuke Akhera na nyoyo zetu zilainike. Je, mtoto aliyezoea kuona mifupa ya plastiki ikining'inia bustanini kwa kuchekesha, atalainika vipi siku atakapopelekwa kumzika babu yake? Sisi tuna njia yetu ya kuwakumbuka marehemu: kuwaombea, kuwatolea sadaka, kulipa madeni yao na kuwatendea wema rafiki zao. Hakuna katika hayo linalohitaji kinyago.

Jambo jingine ni kwamba taifa haliwi taifa kwa kuazima kila sikukuu iliyoko mtaani. Mtoto wa mhamiaji anayo kazi kubwa ya kujua yeye ni nani. Lugha ya nyumbani inamtoka kidogo kidogo, chakula cha nyumbani anakionea haya shuleni, na jina lake mwalimu hawezi kulitamka. Tukimwambia kwamba na furaha zake pia azitoe kwa wengine, tutakuwa tumembakishia nini?

Wala tusidhani kwamba tuko peke yetu. Yako makanisa mengi Marekani yasiyoitaka Halloween, na Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei kabisa. Shule nyingi za huko zimezoea kupokea barua ya mzazi asiyependa mtoto wake ashiriki, na baadhi zimeibadili siku hiyo kuwa sherehe ya mavuno tu. Mzazi aandikaye barua fupi ya adabu kwa mwalimu, wiki moja kabla, humwondolea mtoto wake aibu ya kusimama darasani peke yake bila maelezo. Mzazi amfichaye mtoto nyumbani siku hiyo na kusema kuwa anaumwa, amemfundisha jambo baya zaidi kuliko kuvaa kinyago, nalo ni uwongo.

Na kwa kuwa tumesimama mahali pa kuwakosoa wengine, tujitazame na sisi. Maskini wa Uingereza alipewa mkate ili amwombee maiti wa mwenye mkate. Je, sisi hatujaona hitima ambazo waalikwa huzihudhuria kwa ajili ya ubwabwa, na mfiwa akaingia deni ili arobaini isimpite? Ibada hupotea hivyo hivyo kila mahali, maana yake ikatoka na sahani ikabaki.

KHOFU SI MALEZI

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Dada yangu alipotaka kumzuia mwanawe asitoke, alichagua silaha ya haraka, nayo ni khofu. Wengi wetu tulilelewa hivyo. Tuliambiwa tusipige mluzi usiku, tusifagie baada ya Magharibi, tusipite chini ya mbuyu fulani. Tulitii, lakini moyoni tulipanda mti ambao mizizi yake hatujaing'oa mpaka leo.

Mafundisho ya Tauhidi yanasema kwamba hakuna awezaye kudhuru wala kunufaisha ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Mtoto anayeambiwa kwamba usiku mmoja katika mwaka mashetani hupewa ruhusa ya kuzunguka na kuwachukua watu, amefundishwa itikadi ile ile ya kale tunayodai kumkinga nayo. Tofauti yake na mtoto wa jirani ni kwamba yule anaicheza itikadi hiyo akicheka, na wa kwetu anaiamini akilia. Ni yupi kati yao aliyeshikwa nayo zaidi?

Na matunda ya khofu hii katika nchi zetu tunayajua. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulipoenea Pemba na Unguja, watu wazima wenye akili zao walihama vyumba vyao, wakalala nje kwa makundi wakikoka moto. Mwaka 2007 uvumi huo huo ulifika Dar es Salaam. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza akina bibi vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa kuni walizopikia watoto wao maisha yao yote. Ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi waliwindwa na kukatwa viungo, hata serikali ya Tanzania ikapiga marufuku kazi za waganga wa kienyeji mwaka 2009 na tena Januari 2015. Watu waliofanya maovu hayo hawakuvaa vinyago vya Halloween. Walikuwa watoto waliotishwa wakiwa wadogo, wakakua na khofu zao.

Marekani nako khofu imefanya kazi yake. Kila mwaka mwezi wa Oktoba wazazi huonyana kwamba wako watu waovu watiao sumu au wembe katika peremende za watoto. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Joel Best, amefuatilia habari hizo kwa miaka mingi, naye hakupata hata kisa kimoja kilichothibitika cha mtoto kuuawa au kujeruhiwa vibaya na peremende iliyotiwa sumu na mtu asiyemjua. Kisa maarufu cha mauaji kilitokea Texas mwaka 1974, na aliyemlisha mtoto sumu hakuwa jirani, bali baba yake mzazi, aliyekuwa amemkatia bima ya maisha. Jamaa zetu nao huupokea uvumi huu na kuutuma kwa simu kutoka mji hadi mji, wakiongeza kwamba sumu hiyo imelengwa kwa Waislamu. Ndugu, tumeamrishwa tuichunguze habari kabla ya kuieneza. Anayetaka kumwonya mwanawe juu ya hatari ya kweli ya usiku ule, na amwonye juu ya magari. Uchunguzi wa vifo vya barabarani Marekani kwa miaka 42, kuanzia 1975 hadi 2016, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba hatari ya mwenda kwa miguu kufa jioni ya Halloween ilikuwa kubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni za kawaida za siku zinazokaribiana nayo. Hilo ni jambo la haki kumwambia mtoto, na halimwondolei Tauhidi yake.

HAKI YA JIRANI

Yule bibi aliyekuja asubuhi na mifuko mitatu amenifunza zaidi ya hotuba nyingi nilizozisikia. Mafundisho ya Mtume wetu s.a.w. juu ya jirani yanajulikana kwa kila mmoja wetu, na hayakusema kwamba jirani ni Mwislamu peke yake. Hapa aliyefika kumjulia hali jirani alikuwa yeye, na aliyezima taa tulikuwa sisi.

Lakini yafaa ieleweke kwamba kutofungua mlango usiku ule si ukorofi machoni pa Wamarekani. Kwa desturi yao, nyumba iliyozima taa ya barazani imekwisha kusema kwa adabu kwamba haishiriki, na watoto walio wengi huipita bila kinyongo. Tena majirani hulifahamu hilo. Kosa letu halikuwa taa ya barazani. Kosa letu lilikuwa taa za ndani, yaani kukaa gizani kama watu wanaowindwa, katika nyumba yetu tunayoilipia kodi, usiku ambao hatukumkosea mtu yeyote.

Basi ushauri wangu ni mwepesi. Zima taa ya barazani ukipenda, na uache nyumba iwake. Watoto wale chakula chao, wasome, wasali, wacheze. Mtoto wa mtaani akibisha hata hivyo, fungua mlango kwa uso mkunjufu na umwambie, "Mwanangu, sisi hatuiadhimishi siku hii, lakini karibu kwetu siku nyingine." Wako watakaoona vema kumpa mtoto huyo tunda au peremende, kama wangempa mtoto yeyote aliyesimama mlangoni kwao, na wako watakaojizuia ili wasionekane wameshiriki. Mimi sioni kwamba wa kwanza amefanya ushirikina, wala kwamba wa pili amefanya ubahili, maadamu nyumba zao zote mbili hazina mapambo ya siku ile na watoto wao wanajua sababu. Ninalolikataa ni uso uliokunjwa na mlango uliobamizwa mbele ya mtoto wa miaka mitano.

Mji wa Detroit, huko Michigan, una mfano ufaao kwa jambo hili. Usiku wa tarehe 30 Oktoba, mkesha wa Halloween, wahuni walikuwa wakichoma moto majumba ya mji huo, na katika mwaka 1984 mioto iliyowashwa katika siku zile chache ilizidi 800. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 wakazi wenyewe waliitikia mwito wa kulinda mitaa yao. Maelfu walijitolea, wakazunguka kwa zamu, na kila nyumba ikaombwa iwashe taa ya barazani. Mioto ikapungua. Waliouokoa mji ule hawakuwa watu waliojifungia ndani.

FURAHA YA MTOTO

Lipo swali moja ambalo mtoto haliulizi kwa maneno, bali huliuliza kwa macho asubuhi ya tarehe 1 Novemba, wenzake wanapofika shuleni na mifuko ya peremende. Swali lenyewe ni hili: je, na mimi nina yangu?

Tukimjibu kwa katazo tupu, tutakuwa tumemjibu nusu. Watoto wetu wa mwambao wanayo furaha ya kupita nyumba kwa nyumba tangu zamani. Nani kati yetu hakuvaa kanzu mpya asubuhi ya Idd, akazunguka kwa shangazi, kwa mjomba na kwa jirani kutafuta mkono wa Idd, akarudi jioni mfuko ukilia sarafu? Ndugu zetu waishio Oman wameikuta huko desturi ya Karankasho, ambapo katikati ya mwezi wa Ramadhani watoto huvaa mavazi yao ya asili, wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kugonganisha makombe ya pwani, na kila nyumba huwapa halua, njugu na peremende. Sisemi kwamba Karankasho ni ibada, na asiifanye mtu kuwa dini. Nasema tu kwamba mtoto kubisha mlango na kupewa kitu kitamu si jambo geni kwetu, wala si mali ya Halloween.

Tatizo ni kwamba wengi wa jamaa zetu ughaibuni wameiacha Idd ikonde. Baba huswali swala ya asubuhi na kukimbilia kazini, mama huenda zamu yake, na mtoto hupelekwa shule kama siku yoyote. Kisha tunashangaa kwamba Oktoba inamvuta! Mzazi anayo haki ya kumwombea mwanawe ruhusa shuleni siku ya Idd. Mjini New York, baada ya Waislamu kulidai jambo hilo kwa miaka mingi bila kuchoka, mwaka 2015 mji ulikubali kuziingiza Idd zote mbili katika kalenda ya mapumziko ya shule za serikali. Hawakulipata hilo kwa kujificha. Walijitokeza na kusema sisi tupo, na hii ndiyo siku yetu.

Basi misikiti yetu ya ughaibuni ipange Idd ya watoto kama tunavyopanga mihadhara ya wakubwa. Familia kumi za mtaa mmoja zikiafikiana, watoto waweza kuzunguka nyumba zote kumi asubuhi ile, na majirani wasio Waislamu wakaalikwa kula. Itatugharimu unga, sukari na siku moja ya likizo.

Dada yangu alinipigia simu baada ya Idd-ul-Fitr iliyopita. Alikuwa amekaanga visheti na kaimati, akajaza sahani, na aliyetumwa kuipeleka kwa yule bibi jirani alikuwa mwanawe yule yule mdogo. Alikwenda peke yake, akabisha mlango, akasema maneno aliyofundishwa, kwamba leo ni sikukuu yetu na hii ni sehemu yako. Bibi alimwingiza ndani, akamuuliza mambo mengi kuhusu mwezi wa kufunga, naye akayajibu yote kwa kadiri ya umri wake. Kuhusu Oktoba ijayo, dada yangu amekwisha kumweleza kwamba wafu hawarudi, kwamba shetani hana usiku wake maalumu, na kwamba nyumba yao haiadhimishi siku ile kwa sababu wao wana imani yao na sikukuu zao. Alisema kwamba safari hii atazima taa ya barazani tu.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu nyoyo zinazomcha Yeye peke yake, awaepushe na khofu ya viumbe, na atujaalie sisi wazazi tuwe wakweli kwao na wema kwa majirani zetu popote tulipo. Amin.